Jibu: Watu wa kawaida tunaweza kuzuia mradi wa makaa ya mawe?

Ndugu yangu, umeuliza kama wanakijiji wana nguvu kweli mbele ya mradi mkubwa. Wanazo. Tazama Lamu: mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, ulikuwa ujengwe Kwasasi. Wenyeji, wakiwa na shirika la Save Lamu, hawakuishia kwenye maandamano. Walipeleka kesi kwenye jopo la kitaifa la mazingira. Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu moja kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Nanyi shikeni hapo hapo, kwenye ushirikishwaji. Kila mkutano wa mradi, andikeni nani aliitwa, lini, kaambiwa nini na kwa lugha gani. Mabango yanaamsha watu, nayapenda sana, ila kesini daftari hilo ndilo litakalowabeba.