Potifolio au stoo ya mafaili?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha uandishi chuoni. Idara inataka wanafunzi waache karatasi, waweke kazi zao kwenye potifolio za kidijitali, yaani mikusanyo ya kazi zao mtandaoni. Naona tutaishia kupakia mafaili tu. Nifanyeje?
Mhadhiri mpya

JIBU: Marahaba. Hofu yako ina msingi. Potifolio nyingi nilizofungua ni stoo: PDF juu ya PDF, mwandishi mwenyewe haonekani.

Usidai kila kitu. Mwanafunzi achague kazi tatu, na moja ije na rasimu zake zote pamoja na maoni ya wenzake. Kisha aandike barua ya utangulizi, na hapo ndipo penye kazi. Barua inayosema “nimejifunza mengi” mrudishie. Nzuri husema: “Aya ya pili niliikata kwa sababu ilirudia utangulizi,” halafu kiungo kinakupeleka kwenye rasimu yenyewe, ujionee. Karatasi haikupi hilo.

Rangi na picha za ukurasa usizipe alama, labda kama umezifundisha.

Kusahihisha msifanye peke yenu. Walimu wa uandishi Peter Elbow na Pat Belanoff walipoingiza potifolio, za karatasi wakati huo, Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani, miaka ya 1980, kazi ilisomwa pia na mwalimu asiyemfundisha mwanafunzi huyo. Jaribuni hivyo.

Na kabla idara haijalipia programu yoyote, uliza mambo mawili: je, mwanafunzi ndiye anayeamua nani aone kazi yake? Akihitimu, ataweza kuipakua yote?