Kujifanya: maringo au kosa la jinai?

Swali: Mimi ni karani wa mahakama. Kwenye hati za mashtaka tunaandika "kujifanya mtumishi wa umma", lakini mtaani ukisema "yule dada anajifanya", watu wanaelewa ana maringo. Je, ni neno moja? Limetoka wapi? Na kwa nini tusiandike tu "kughushi"?

Jibu: Ni neno moja, ndugu yangu, tena la Kibantu kitupu: kitenzi *fanya* na kiambishi rejeshi *ji-*, kinachomrudishia mtendaji tendo lake. Waganda nao wanasema *okwefuula*, kwa muundo huohuo: kujigeuza.

Maana inaamuliwa na kinachofuata. "Anajifanya" likiishia hapo, ni maringo. Msikilizaji anajazia mwenyewe "bora" au "mjuaji". Likifuatwa na jina, linakuwa dai: kujifanya kiziwi, kujifanya daktari. Hata hapo jinai haijatimia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 369, inataka kuwe na nia ya kulaghai, na anayeigwa anaweza kuwa hai au marehemu. Kujifanya mtumishi wa umma kuna kifungu chake, cha 100. Kwa hiyo usiandike "alijifanya" ukaweka nukta. Taja alijifanya nani, na kwa nia gani.

*Kughushi* ni jambo jingine kabisa. Limetoka kwenye Kiarabu, *ghashsha*, kudanganya, hasa kwa kuchanganya bidhaa nzuri na mbovu. Kwetu limeshikamana na nyaraka. Mtu akijitengenezea cheti cha kidato cha nne, ameghushi. Akichukua cheti halali cha kaka yake akaombea kazi kwa jina hilo, cheti hakina kasoro. Uongo uko kwa aliyekishika.

Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma wa Tanzania, mwaka 2017, ulionyesha tofauti hiyo waziwazi. Watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na likatajwa pia kundi la vyeti vilivyotumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Mitaani wote wakaitwa "vyeti feki". Mchanganyo huo unaniudhi, maana mashtaka na ushahidi wake havifanani.

Na "kishoka" je? Kishoka hufanya kazi ya wakili au ya fundi umeme bila sifa, mara nyingi kwa jina lake mwenyewe. Mtaani neno hilo linatosha. Kwenye hati, eleza alichokifanya.