Manjano kwenye kidonda cha mwiba wa samaki

Ndugu uliyeuliza kama unga wa manjano utakausha kidonda cha mwiba wa sangara bila kwenda kituo cha afya, nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe, kwani nimeparua samaki hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kwa miaka mingi.

Wazee wetu hawakukosea. Rangi ile hutokana na kemikali iitwayo kukumini, na tangu mwaka 1949 imejulikana kwamba huzuia, katika maabara, bakteria wa Staphylococcus aureus, ambaye huleta usaha katika vidonda vingi. Huharibu utando wa seli yake. Lakini kukumini ni asilimia chache tu ya unga, haiyeyuki vizuri katika maji (ndiyo maana mama zetu huikoroga kwenye mafuta), na ukiinywa, inayofika kwenye damu ni kidogo mno.

Mimi nilichomwa na mwiba wa pezi la sato chini ya kidole gumba, nikapaka manjano na mafuta ya alizeti kwa siku tatu. Ngozi yote iligeuka njano, kwa hiyo sikuuona wekundu uliokuwa ukipanda kuelekea kifundo cha mkono, mpaka usiku nilipopata homa na kwapa likaanza kuuma. Muuguzi alichukua muda mrefu kuuosha unga ule kabla ya kukiona kidonda chenyewe, na ncha ya mwiba ilikuwa bado imo ndani. Nilipewa antibayotiki na sindano ya pepopunda. Sindano hiyo ndiyo ninayokusisitizia zaidi: mbegu za bakteria wa pepopunda hukaa udongoni, manjano ni tunguu linalochimbwa humo humo, na unga wa sokoni haujatakaswa kwa ajili ya kidonda, tena bakteria huyo hustawi pasipo hewa, kama ndani ya tundu jembamba na refu la mwiba.

Basi osha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, si ya ziwani, usipake kitu chochote chenye rangi, kisha nenda leo ukachunguzwe na uulize kuhusu chanjo. Manjano mpake sato kabla ya kumkaanga, mimi hufanya hivyo kila wiki. Na ukiona wekundu unapanda mkononi, au kwapa likiuma, usingoje kupambazuke.