Kigoma na watoto wawili: gesti, ufukweni au hema?

Mkuu, umeuliza ukija Kigoma kwa wiki moja na shemeji na watoto, wa miaka 7 na 10, mlale wapi: gesti ya mjini, hoteli ya ziwani au mahema. Mimi ni mkazi wa Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, na kila likizo napokea ndugu kutoka Dar, hivyo sehemu hizo nazijua. Msilipie wiki nzima sehemu moja.

Usiku wa kufika na wa kuondoka, gesti inatosha. Ziko nyingi kuanzia stesheni kupandisha Mwanga. Chukueni chumba cha self, ila ombeni kukiona kabla hamjatoa hela. Fungua bomba, washa feni, shusha chandarua uone kama kinazunguka godoro lote, maana malaria ya huku si ya kuchezea. Kisha tulia usikilize kama jirani kuna baa. Kama ipo, ondokeni, watoto hawatalala. Kaunta mtaandika kwenye kitabu cha wageni jina, kabila, mtokako na muendako, kwa hiyo kitambulisho kiwe karibu.

Pesa yenu iende ziwani. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, duniani inapitwa na Baikal tu, na penye mawe maji ni maangavu kiasi kwamba mtoto akivaa miwani ya kuogelea anaona samaki wa kila rangi, wengi wao hawapo ziwa lingine lolote. Hoteli kubwa zina jenereta, kiyoyozi na mgahawa, na huduma hizo ndizo unazolipia. Kwa familia mimi napendelea nyumba za kujipikia, kama zile za ufukwe wa Jakobsen, njia ya Katonga, ambako hata hema unaweza kupiga. Maduka yako mbali, basi piteni sokoni kwanza mbebe mchele, unga wa muhogo, mawese na migebuka, samaki wa ziwa hili. Mgebuka wa kuchoma jioni, watoto wametoka majini na njaa zao, hapo ndipo mtaijua Kigoma! Ila kabla hawajaingia majini muulizeni mlinzi habari za mamba, na upepo ukianza kuchafua ziwa watoke. Hema ni la kiangazi, Juni hadi Septemba. Mvua zikishaanza, achaneni nalo.

Gombe, hifadhi ya sokwe iliyo kando ya ziwa, nayo ina hesabu yake. Hakuna barabara ya kufika, ni boti tu. Boti za abiria huondoka Kibirizi, ufukweni karibu na mji, kama adhuhuri, na zinazorudi mjini hupita pale asubuhi mapema, kwa hiyo asiyekodi boti yake lazima alale hifadhini. Kuna nyumba ya wageni ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kando ya maji, madirisha yana wavu wa chuma kwa sababu ya nyani. Chakula usikiache nje hata dakika moja. Malipo ya hifadhi hawapokei taslimu, malizeni mjini. Sokwe wa pale wamezoea watu tangu Jane Goodall alipoanza utafiti mwaka 1960, lakini huambukizwa magonjwa yetu kirahisi, hivyo mwenye mafua haruhusiwi kuwafuata. Watoto wa chini ya miaka 15 nao hawaruhusiwi, kwa hiyo wa kwenu hawatapanda mlimani. Mzazi mmoja aende Gombe alale usiku mmoja, mwingine abaki na watoto ufukweni, kisha mbadilishane. Ndiyo maana nasisitiza nyumba ya kujipikia: atakayebaki hahangaiki na chakula cha watoto.

Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, ni safari nyingine kabisa, mbali kusini, kwa wiki hii mtaikimbilia bure. Ujiji, walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, ni daladala ya asubuhi na kurudi, hakuna haja ya kulala.

Niambie mnakuja mwezi gani, na kama ni kwa treni au ndege. Wa treni nawashauri usiku wa pili pia muwe gesti, mpumzike kwanza kabla ya kubeba vyombo kwenda ufukweni.