Usilipie pasi ya JR ya siku 14 kabla hujajumlisha nauli (soma kabla hujabonyeza "lipa")

Mkuu, toa kidole kwenye hiyo simu. Umeandika kwamba Agosti wewe na shemeji mna siku 14 Japani: Tokyo, Kanazawa, Takayama, Kyoto, Hiroshima, mnamalizia Osaka na kupandia ndege Kansai. Na kwamba leo jioni unalipia pasi mbili za JR (kampuni za reli za Japani) za nchi nzima, zile za kupanda treni zao kwa siku zote 14 bila kukata tiketi kila safari, "ili tusisumbuke na tiketi". Hapo kwenye kutosumbuka ndipo hela yangu ilipozama. Pasi mbili zilezile, siku 14 zilezile, na njia inayofanana na yako kama mapacha. Salamu nitakupa mwisho nikikumbuka.

Pasi ya siku 14 ya daraja la kawaida ilipandishwa Oktoba 2023 ikawa yeni 80,000 kwa mtu mmoja. Kabla ya hapo ilikuwa 47,250. Ya siku 7 ilitoka 29,650 ikaenda 50,000. Soma tena hizo namba taratibu, kwa sababu ushauri wote unaozunguka mitandaoni kwamba "pasi ni lazima" ulizaliwa wakati wa 47,250, na wakati huo ulikuwa ushauri mzuri. Bei imepanda, video hazijafutwa. Jamaa bado anakula pesa za matangazo kwa kukushauri ununue kitu ambacho bei yake imepanda kwa karibu asilimia 70.

Sasa chukua karatasi. Hizi ni nauli za kipande kwa kipande, mtu mmoja, kiti cha kushika (unachokiwekea nafasi mapema), nimezikadiria kwa kuzidisha kidogo ili usinigeuzie kibao:

Tokyo hadi Kanazawa kwa Shinkansen (treni ya mwendo kasi): 14,400
Kanazawa hadi Takayama kwa basi la kupitia kijiji cha Shirakawa-go: 4,200
Takayama hadi Kyoto kwa treni ya Hida mpaka Nagoya, kisha Shinkansen: 12,000
Kyoto hadi Hiroshima: 11,500
Hiroshima hadi Shin-Osaka: 10,800

Jumla 52,900. Na hilo basi si la JR, pasi yako ya nchi nzima halikubali, kwa hiyo kitakachobebwa na pasi ni 48,700 tu. Umelipa 80,000 kupata safari za 48,700. Hasara ni 31,300 kwa kichwa, 62,600 kwa vichwa viwili, kama milioni moja ya madafu, na bado hujanunua hata maji ya kunywa. Hata mngeamua kurudi Tokyo kwa Shinkansen, ongeza kama 14,700, unafika 63,400. Bado pasi inakudai.

Utasema "lakini na pasi nitapanda panda tu hovyo". Hutapanda. Kwa siku 14 na miji sita, siku za kukaa kwenye treni ndefu ni tano au sita. Zinazobaki unatembea kwa miguu, kwa basi la mjini na kwa treni za chini ya ardhi, na hizo si za JR. Pasi yenyewe inahesabu siku mfululizo za kalenda, usiku wa manane hadi usiku wa manane. Ukiianza saa mbili usiku, hiyo ni siku moja imeisha. Ukilala Takayama siku mbili unakula nyama ya Hida, pasi nayo inakula siku mbili. Na ikishaanza kutumika hairudishwi hela, hata kimbunga kikisimamisha treni.

La kuudhi zaidi: huo mzigo wa 80,000 haukupi treni ya kasi zaidi. Nozomi, inayopita Tokyo hadi Osaka hata mara 12 kwa saa nyakati za msongamano, pasi ya nchi nzima inaitaka nyongeza. Tokyo hadi Kyoto nyongeza ni 4,960 kila mnapopanda, kila mtu. Bila nyongeza mnasubiri Hikari, ambayo kwa kawaida ni mbili kwa saa, na kuelekea Hiroshima mnabadilisha tena njiani. Yule mwenye tiketi ya kawaida aliyelipa nauli ya siku hiyo peke yake anawapungia mkono kutoka dirishani.

Aliyeniuzia mimi ni wakala mwenye kalenda ya Mlima Fuji ukutani. Nilimuuliza kama inalipa, akasema, "Bosi, hii inakubeba nchi nzima." Ni kweli inakubeba. Hata kontena linabeba nyumba nzima, lakini hulikodi kuhamisha godoro. Hakuniuliza ninakwenda miji gani. Sikiliza hapo: mtu anayekuuzia pasi bila kuuliza njia anauza kamisheni yake, si safari yako.

Kanuni ni moja na nitairudia mpaka unichoke: NJIA KWANZA, NAULI PILI, PASI MWISHO. Andika miji, andika tarehe, tafuta nauli ya kila kipande kwenye programu ya ratiba za treni (Japan Travel ya Navitime inatosha), jumlisha, ndipo uangalie kama kuna pasi ya eneo inayoshinda hiyo jumla. Mara nyingi ipo, ila si hiyo ya nchi nzima.

Kwa njia yako, geuza tu mpangilio: Takayama itangulie Kanazawa. Tokyo hadi Nagoya kata tiketi ya Nozomi, kama 11,300, saa moja na dakika 40. Kuanzia Nagoya washa pasi ya Takayama-Hokuriku, siku 5, yeni 19,800 kwa bei iliyopangwa 2024. Siku ya kwanza Nagoya hadi Takayama. Siku ya tatu basi la Shirakawa-go hadi Kanazawa, na safari hii basi limo ndani ya pasi. Siku ya tano Kanazawa hadi Kyoto. Imekaa kama glavu ya daktari. Baadaye, asubuhi ya kwenda Hiroshima, washa pasi ya Kansai-Hiroshima, siku 5, yeni 17,000. Hii ya eneo inakuruhusu Nozomi kati ya Shin-Osaka na Hiroshima bila nyongeza yoyote, inalipia kivuko cha JR cha Miyajima (mtatoa yeni 100 za kodi ya kisiwa, hiyo haikwepeki), na siku ya kuondoka inawapeleka uwanja wa Kansai kwa treni ya Haruka, mradi hamjavuka siku ya tano.

11,300 na 19,800 na 17,000 ni 48,100. Kila kitu kimo. Linganisha na 80,000 kisha uniambie nani anasumbuka.

Mtego uliomo hapo: Kyoto hadi Shin-Osaka MSIPANDE Shinkansen kwa pasi ya Kansai-Hiroshima. JR si kampuni moja. Shirika la reli la serikali lilivunjwa Aprili 1987 zikatoka kampuni sita za abiria, na reli ya Shinkansen kutoka Tokyo mpaka Shin-Osaka ni ya JR Central, wakati pasi yenu ni ya JR West. Dakika 15 za uvivu na geti litawadai nauli kamili. Pandeni Shinkaisoku, treni ya kawaida isiyosimama sana, dakika kama 24, halafu Shin-Osaka ndipo muingie Nozomi.

Mtego wa pili ni Tsuruga. Tangu 16 Machi 2024 Shinkansen ya Hokuriku imefika pale, na treni ya Thunderbird iliyokuwa ikitoka Osaka mpaka Kanazawa moja kwa moja sasa inaishia Tsuruga. Ramani za zamani zinaonyesha bado inapita. Mtashuka Shinkansen juu, mnateremka ngazi za umeme, Thunderbird inasubiri chini, na muda wa kubadilisha huwa kama dakika 8. Unatosha, ila si wa kupiga picha. Na ile reli ya zamani kati ya Toyama, Kanazawa na Tsuruga ilipokonywa JR ikapewa kampuni za mikoa. Watu wa pasi ya nchi nzima wanaingia humo kwa kujiamini, wanatozwa hela getini.

Nikwambie jambo la Hida lisiwatishe: ikiondoka Nagoya, viti vyote vinatazama nyuma. Si kosa, msihangaike kuvizungusha. Baada ya dakika kama 20 inafika Gifu, inageuka inatokea upande ilikoingilia, na kuanzia hapo mnatazama mbele mpaka milimani. Wageni huzungusha viti Nagoya, wakifika Gifu wanavizungusha tena huku wenyeji wanawaangalia kwa huruma.

Agosti sasa. Obon, sikukuu yao ya kuwakumbuka wazee waliotangulia, ni kati ya tarehe 13 na 16, na tarehe 11 ni sikukuu ya Milima, kwa hiyo wiki nzima Wajapani wanarudi kwao vijijini kama sisi Desemba. Katika kipindi hicho Nozomi zote ni viti vya kushika, hakuna mabehewa ya kukaa popote bila kushika kiti. Viti vinafunguliwa mwezi mmoja kabla, tarehe ileile, saa nne asubuhi ya Japani. Saa nne ya kwao ni saa kumi alfajiri ya Dar na Nairobi. Treni ya 12 Agosti, amka 12 Julai saa kumi alfajiri. Siku za kilele kiti kinaongezeka yeni 200 hadi 400, si kitu cha kuumiza kichwa. Kinachoumiza kichwa ni kusimama kwenye korido saa mbili huku umebeba sanduku.

Na sanduku lipimeni. Urefu, upana na kina ukijumlisha vikizidi sentimita 160, kwenye Shinkansen ya Tokyo hadi Hakata lazima ushike kile kiti cha nyuma chenye nafasi ya mizigo. Kiti chenyewe hakina gharama ya ziada, lakini ukija bila kukishika unatozwa yeni 1,000. Likizidi 250 huingii nalo kabisa. Bora mlitume kwa takkyubin (huduma ya kusafirisha mizigo) kutoka hoteli ya Tokyo hadi hoteli ya Kyoto, ninyi mpande milimani na begi la mgongoni.

Vimbunga: Agosti ndiyo kwao. JR hutangaza mapema kwamba kesho hakuna treni, haibahatishi. Tarehe 16 Agosti 2024 Tokyo hadi Nagoya ilifungwa siku nzima. Tarehe 15 Agosti 2023 ilikuwa Nagoya hadi Okayama. Mwenye tiketi ya kawaida anarudishiwa hela yote bila makato. Mwenye pasi siku imeenda. Unaona ninavyorudi kwenye ile kanuni? Sijaitafuta, imenifuata yenyewe.

Tiketi msizifanyie hofu. Huko safari moja huwa na karatasi mbili, moja ya nauli na moja ya treni ya haraka. Kwenye geti unazitumbukiza ZOTE MBILI kwa pamoja, zimepangana, zinatoka upande wa pili, unazichukua. Ukisahau kuchukua pasi yako ikichungulia pale mwisho wa geti, hawakupi nyingine. Nimeona mtu anarudi mbio kutoka ngazini kwa ajili ya kikaratasi kidogo kuliko risiti ya Luku.

Kadi ya Suica (unaweka hela, unaigusisha getini) ni nzuri mjini, lakini usiingie nayo eneo moja la kampuni ukategemea kutokea eneo la nyingine. Na kwenye vitreni vya vijijini vya behewa moja, dereva ndiye kondakta: pandeni mlango wa nyuma, chukueni kikaratasi chenye namba, tazameni ubao ulio juu ya dereva unavyopandisha nauli chini ya namba yenu, mkishuka mlango wa mbele mnatumbukiza kikaratasi na hela kamili. Sanduku la nauli halirudishi chenji. Kuna kitundu cha kuchenji pembeni, kinakula noti ya 1,000. Ya 10,000 kinaitema, na treni nzima inawasubiri.

Pasi ya nchi nzima inafaa nani? Mtu anayetoka Tokyo kwenda Hakodate, anateremka mpaka Fukuoka na kurudi Tokyo ndani ya siku 7. Huyo nauli zake zinazidi 80,000 na pasi ni 50,000, anunue kwa raha zake, ingawa simuonei wivu mgongo wake. Wewe si huyo.

Uliuliza pia simkadi, chakula cha halali na viatu vya kutembelea, sijui na nini tena. Hayo kuna wadau humu watakujibu, mimi nimeishia kwenye treni. Weka hapa tarehe zako kamili za kila mji nikufanyie ile hesabu, hasa kama Obon inawakuta Kanazawa, maana basi la Shirakawa-go siku zile linajaa na safari nyingine ni lazima kushika kiti mapema hata kama una pasi. Salamu kwa shemeji.