Maswali ya Wasomaji: Mwanafunzi ale wapi mjini Athens, Georgia?

Barua kadhaa zilizotufikia msimu huu zinahusu mji mmoja: Athens, katika jimbo la Georgia, kusini-mashariki mwa Marekani, kilomita zipatazo 110 kutoka Atlanta. Chuo Kikuu cha Georgia, kilichopewa hati ya kuanzishwa mwaka 1785, kipo hapo na kina wanafunzi wapatao 40,000. Kwa kuwa Kiswahili kimefundishwa katika chuo hicho kwa miaka mingi, haishangazi kwamba vijana wetu hupeleka maombi huko, na wazazi wao hutuandikia sisi. Barua zote tulizozichagua zinauliza habari za kula, hasa katika mikahawa ya wenyeji.

SWALI: Binti yangu amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Athens na ataondoka mwezi Agosti. Hataishi bwenini, na kupika si kipaji chake. Je, ipo mikahawa ambayo mwanafunzi anaweza kuimudu, au atakula baga mpaka arudi? — *Mama mzazi, Moshi*

JIBU: Mama, hofu ya baga iweke kando. Chakula cha asili cha Kusini mwa Marekani kina mengi ambayo binti yako ameyala tangu utotoni: kunde, bamia, viazi vitamu, mahindi, na majani ya kola ambayo ni wa ukoo mmoja na sukuma wiki. Kunde na bamia zilifika Marekani kutoka Afrika katika zama za biashara ya watumwa, na wapishi Weusi ndio waliozifanya kuwa mlo wa Kusini nzima, kwa matajiri na kwa wakulima wa kawaida.

Mlo wa kuutafuta ni ule ambao wenyeji huutaja kwa hesabu ya vilivyomo kwenye sahani, yaani nyama moja na mboga tatu, au mbili kwa mwenye njaa ndogo. Mteja husimama mbele ya kaunta, huchagua nyama, ambayo mara nyingi ni kuku wa kukaanga, kisha huchagua mboga kutoka orodha ya siku hiyo, na kipande cha mkate wa mahindi humjia bila yeye kukiomba. Asishangae akikuta makaroni yaliyookwa kwa jibini yameorodheshwa miongoni mwa mboga. Kusini yote imeshakubaliana hivyo, na hakuna mtaalamu wa lishe aliyefaulu kuwabadilisha.

Jina linalotajwa kwanza kwa chakula cha namna hiyo mjini Athens ni Weaver D's, mkahawa mdogo uliopo East Broad Street, ambao Dexter Weaver aliufungua mwaka 1986. Umejulikana kwa kuku wake, majani ya kola, na boga changa linalopondwa kisha kuokwa pamoja na jibini. Kaulimbiu iliyoandikwa kwenye bango lake ndiyo ambayo bendi ya R.E.M., iliyoanzia Athens mwaka 1980, iliichukua kuwa jina la albamu yake ya mwaka 1992, na mwaka 2007 mkahawa huo ulipewa tuzo ya James Beard kwa mikahawa ya kale inayopendwa na wenyeji. Pamoja na sifa zote hizo umebaki kuwa mahali pa chakula cha mchana, kwa hiyo binti aulizie saa za kufungua kabla ya kuondoka nyumbani.

Katikati ya mji kupo jirani kabisa na chuo, kwani ukivuka Broad Street kutoka kwenye lango la chuma liitwalo The Arch, umekwisha kufika. Hatua chache kwenye College Avenue utaukuta The Grill, uliofunguliwa mwaka 1981, wenye viti na taa za mtindo wa miaka ya 1950, ambako wanafunzi huagiza chipsi za kuchovya katika mchuzi mzito wa jibini ya feta. Kwa kifungua kinywa, wengi huenda Mama's Boy, uliofunguliwa mwaka 2006. Hapo hupatikana mikate midogo laini ya unga wa ngano na maziwa ya mtindi, pamoja na uji mzito wa mahindi meupe unaoliwa kwa chumvi na siagi. Binti yako akishalizoea wazo la uji wenye chumvi, ataupenda. Siku za Jumamosi na Jumapili foleni ya hapo huwa ndefu mno, basi aende katikati ya juma.

Asiisahau pia mikahawa ya watu wa Amerika ya Kilatini. Viwanda vya kuku vya kaskazini-mashariki mwa Georgia vilivuta wafanyakazi wengi kutoka Meksiko na nchi za jirani zake, na wao wakaja na mapishi yao. Chapati ndogo za mahindi zenye nyama, vitunguu vibichi, giligilani na ndimu huuzwa kwa bei ambayo mwanafunzi hailalamikii, hasa katika mikahawa iliyo mbali kidogo na katikati ya mji. Mabasi ya mji yamekuwa hayatozi nauli tangu mwaka 2020, kwa hiyo umbali si kisingizio.

Ushauri ninaoutilia mkazo kuliko mwingine wote ni kwamba ale nje mchana, na jioni ale kwake. Mikahawa mingi ambayo jioni huweka vitambaa mezani na kupandisha bei, mchana huuza sahani kutoka jiko lilelile kwa bei nafuu zaidi. Mfano mzuri ni Last Resort Grill wa Clayton Street, uliofunguliwa mwaka 1992, ambao jioni ni mahali pa wazazi waliokuja kuwatembelea watoto wao. Isitoshe, sahani ya Kimarekani ni kubwa. Kuomba kisanduku cha kubebea kilichobaki si aibu hata kidogo, na nusu ya kuku wa mchana ni chajio kamili. Maji ya kunywa yenye barafu hutolewa bure, ila anayeagiza chai baridi ataulizwa kama anaitaka yenye sukari au isiyo na sukari, na akijibu yenye sukari ajue kwamba ataletewa sharubati.

Jambo la mwisho ni kwamba orodha za zamani zilizomo kwenye intaneti zinapotosha. The Grit, mkahawa wa vyakula visivyo na nyama uliopendwa sana na wanafunzi tangu miaka ya 1980, ulifungwa mwaka 2022, na bado kuna kurasa zinazowaelekeza watu huko.

SWALI: Assalamu alaikum. Mimi ni Muislamu kutoka Unguja, nami natarajia kusoma Athens. Nimeambiwa kwamba nikiepuka nyama na kula mboga tu katika mikahawa ya Kusini nitakuwa salama. Je, ni kweli? — *Kijana wa Mji Mkongwe*

JIBU: Waalaikumu salamu. Si kweli, na ni vizuri umeuliza mapema. Katika upishi wa Kusini, mboga ndizo zinazofichwa nguruwe kuliko hata nyama yenyewe. Majani ya kola huchemshwa polepole kwa muda mrefu pamoja na kifundo cha mguu wa nguruwe kilichokaushwa kwa moshi, mpaka maji yake yageuke mchuzi mzito wenye rangi ya kahawia, mchuzi ambao wenyeji huuchovya mkate wa mahindi. Maharage mabichi hutiwa vipande vya nyama hiyo hiyo ya nguruwe. Mkate wa mahindi wa jadi huokwa kwenye kikaango cha chuma kilichopakwa mafuta ya nguruwe, na mikate midogo ya asubuhi mara nyingine hukandwa kwa mafuta hayo.

Hata hivyo, wapishi wengi siku hizi hutumia shingo au bawa la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi badala ya nguruwe, na wengine hupika mboga bila nyama yoyote. Usiulize iwapo mboga zina nyama, kwa kuwa utajibiwa kwamba hazina, ilhali kifundo kimekwisha kuondolewa sufuriani na mafuta yake yamebaki. Uliza mboga zimeungwa kwa nini, na mikate imetengenezwa kwa mafuta gani. Uliza pia kama kuku na nguruwe hukaangwa katika mafuta yaleyale. Watu wa kaunta wamezoea maswali hayo na hawakasiriki, isipokuwa pale foleni inapofika mlangoni saa sita na nusu.

Kuhusu kuchinjwa kwa nyama, kuku wa kawaida wa mikahawa hiyo si wa kuchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu. Wasiliana na kituo cha Kiislamu cha Al-Huda kilichopo mjini humo, kwa sababu waumini wake ndio wanaojua ni duka gani na mkahawa gani unaouza nyama halali kwa sasa. Usipokuwa na uhakika, samaki wa kukaanga, wali, viazi vitamu na makaroni yale niliyoyataja hapo juu yatakufaa, ila swali la mafuta usiliache.

SWALI: Shikamoo mhariri. Ninasoma Athens mwaka wa kwanza. Wanafunzi wenzangu walinialika chakula cha jioni, kumbe kila mtu anajilipia. Sahani yangu iliandikwa dola 15, nikaweka dola 16 mezani, na kila mmoja akanitazama. Nilikosea wapi? — *Mwanafunzi kutoka Nairobi*

JIBU: Marahaba. Bei iliyoandikwa kwenye orodha ya vyakula haijajumuisha kodi ya mauzo, ambayo mjini Athens ni asilimia 8. Kwa hiyo dola 15 zako zilikuwa tayari ni dola 16 na senti 20 kabla ya bakshishi. Bakshishi ya mhudumu anayekuhudumia mezani huhesabiwa kuwa kati ya asilimia 18 na 20, yaani dola 3 hivi katika bili yako. Jumla yake ni dola 19 na senti 20.

Huenda ukaiona bakshishi kuwa ni hisani, kama tunavyoiona sisi, lakini Georgia hairuhusu hesabu hiyo. Sheria humruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2 na senti 13 tu kwa saa, kwa matarajio kwamba wateja watajaza pengo, na mwajiri hutakiwa kufidia pale tu ambapo jumla haifikii kima cha chini cha mshahara. Waweza kuuchukia utaratibu huo, nami siupendi, ila atakayeumia ukiugomea ni mhudumu, ambaye mjini Athens mara nyingi ni mwanafunzi mwenzako. Pale ambapo unajichukulia chakula kaunta hali ni tofauti: kioo cha malipo kitakuonyesha asilimia kadhaa za kuchagua, nawe waweza kutoa kidogo au kutotoa, na hakuna atakayekufuata.

Kuhusu mwaliko, kwao kusema “twende tukale” ni kukubaliana mahali na saa tu. Mtu anayekusudia kukulipia atakwambia waziwazi. Wewe nawe ukiwaalika kwa desturi yetu, watangazie kabla hamjaketi, la sivyo watakuwa wameshatoa kadi zao.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia. Wanafunzi wangu wameniuliza kama kijana Mweusi angeweza kula katika mikahawa hiyo ya Athens zamani. Nitawajibu vipi? — *Mwalimu, Mombasa*

JIBU: Wajibu, mwalimu, kwamba chuo chenyewe hakikumpokea mwanafunzi Mweusi hata mmoja mpaka Januari 1961, zaidi ya miaka 170 baada ya kupewa hati. Wa kwanza walikuwa Charlayne Hunter na Hamilton Holmes, walioingia kwa amri ya mahakama, na usiku wa tarehe 11 mwezi huo umati ulirusha mawe kwenye bweni alimokuwa Hunter. Holmes aliishi mjini kwa familia ya Wamarekani Weusi. Jengo lililo karibu na The Arch, ambalo mwanafunzi hulipita akienda kula katikati ya mji, sasa lina majina yao.

Wakati huo Weusi walikuwa na mtaa wao wa biashara kwenye makutano ya barabara za Washington na Hull, panapoitwa Hot Corner, ambapo palikuwa na vinyozi, ofisi za madaktari, mikahawa, na ukumbi wa Morton uliojengwa mwaka 1910 na ambao unatumika hadi leo. Mikahawa ya Weupe ilifungwa kwao. Vijana Weusi wa mji, wengine wakiwa bado wanafunzi wa sekondari, waliandamana mbele ya mkahawa wa Varsity, maarufu kwa soseji zake, wakidai wahudumiwe kama wateja wengine. Sheria ya Haki za Kiraia iliyotiwa saini tarehe 2 Julai 1964 ndiyo iliyoharamisha ubaguzi huo nchini kote. Varsity ya Athens ilifungwa mwaka 2021, kwa sababu zisizohusiana na hayo.

SWALI: Ni kweli kwamba kuna Jumamosi ambazo haiwezekani kupata chakula mjini humo? — *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Ni kweli, nazo ni za msimu wa vuli, kwa kawaida sita au saba, ambapo timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani hucheza nyumbani. Uwanja wa Sanford huchukua watu zaidi ya 92,000 katika mji ambao wakazi wake wote ni kama 128,000, na wageni huanza kuchoma nyama kwenye nyasi za chuo tangu asubuhi. Kabla na baada ya mechi hakuna kiti kinachopatikana. Mwanafunzi asiyejali mpira aingie mkahawani dakika chache baada ya mechi kuanza, kwa kuwa huchezwa kwa zaidi ya saa tatu na barabara huwa nyeupe, na ahakikishe amelipa bili na kuondoka kabla robo ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, haijakwisha.