Poti ya 80 bila kuwa root

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nimeandika programu ya Node.js ya kutunza hesabu za kikoba cha mama na wenzake hapa Morogoro. Kwenye poti (mlango wa mtandao) ya 3000 inakwenda vizuri, nikiihamishia poti ya 80 inagoma na kuandika EACCES, yaani ruhusa imekataliwa. Nikitanguliza sudo, yaani nikiiendesha kama root, mkuu wa mfumo mwenye ruhusa zote, inakubali. Niiache hivyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiiache hivyo hata usiku mmoja. Programu inayopokea maombi ya kila mtu wa intaneti umeikabidhi funguo za nyumba nzima. Tundu moja tu kwenye kifurushi ulichovuta kwa npm, chombo cha kupakua vifurushi vya Node, na seva si yako tena. Niliwahi kuitwa nisafishe seva ya namna hiyo. Aliyeingia alikuwa root, hata kumbukumbu za mfumo hatukuweza kuziamini. Tukafuta kila kitu tukaanza upya.

Linux huzuia poti zilizo chini ya 1024 kwa desturi ya Unix ya zamani, pale ombi lililotoka poti ndogo lilipohesabiwa kuwa limetoka kwa msimamizi, si kwa mtumiaji wa kawaida. Lakini siku hizi uwezo wa root umegawanywa vipande, na unachohitaji wewe ni kimoja: CAP_NET_BIND_SERVICE, ruhusa ya kufungua poti hizo ndogo.

Wengi watakuambia ukibandike kwenye faili la node kwa setcap, amri ya kulipa faili ruhusa ya namna hiyo. Itafanya kazi, ila utakuwa umempa ruhusa kila anayeweza kuita node kwenye seva hiyo, kwa skripti yoyote ile. Tena ukisasisha Node, faili hubadilishwa na ruhusa huondoka nalo. Kina mama watafika siku ya kununua hisa, programu imelala, nawe hujui umegusa nini.

Ruhusa ipe huduma yako peke yake. Tengeneza mtumiaji anayeitwa kikoba, kisha kwenye faili la huduma yako la systemd, programu ya Linux inayowasha na kusimamia huduma, chini ya [Service], weka:

User=kikoba
AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE
CapabilityBoundingSet=CAP_NET_BIND_SERVICE
NoNewPrivileges=true

Endesha systemctl daemon-reload, iwashe upya huduma, halafu andika ps -eo user,args | grep '[n]ode', uone node inaendeshwa na nani. Ukiona kikoba, umefanikiwa. Ukiona root, kuna nakala uliyoiwasha kwa sudo bado inaendelea, izime kwanza.

Ruhusa hiyohiyo inafungua na poti ya 443. Nakuomba uweke cheti cha TLS, kinachowezesha mawasiliano kusimbwa, kabla hujawagawia kina mama anwani, kwa sababu nywila zao zikipita poti ya 80 zinaweza kusomwa njiani.